Asiyekuwapo na Lake Halipo: Somo la Kandanda Isiyoonyeshwa kwenye Televisheni

Wahenga walinena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii aghalabu hutumiwa katika masuala ya urithi, vikao na ugavi wa mali, lakini yafaa itumiwe pia katika viwanja vya kandanda. Kila Jumamosi alasiri, kumbi za televisheni katika mabweni ya vyuo vikuu vya Kenya hufurika mashabiki. Wanafunzi hubanana kwenye mabao, wengine husimama milangoni, ili kuzitazama Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool. Shabiki wa ukumbini humjua mchezaji aliyeumia goti, ada aliyonunuliwa nayo na jina la kocha anayenyemelewa. Wakati uo huo, pengine mwendo mfupi tu kutoka bwenini, timu mbili za Kenya hutoana jasho mbele ya wachezaji wa akiba, watoto wachache na mchuuzi wa njugu. Shabiki huyo akiulizwa mbona haendi huko, hujibu kwamba kandanda halisi ni ile ya Waingereza.

Jibu hilo lina kasoro kubwa. Shabiki wa ukumbini amemuiga Mwingereza nusu tu, nusu ile inayouzwa kwa setilaiti. Nusu ya pili haioni, kwa sababu haionyeshwi. Nayo ni ya yule Mwingereza anayeamka alfajiri, akafunga mkate wake, akapanda gari la moshi kwa saa mbili au tatu hadi mji asio na jamaa ndani yake, akalipa kiingilio, akasimama kwenye manyunyu ya mvua kutazama mechi ya kombe baina ya timu ambazo hazijulikani nje ya mitaa yazo, kisha akarejea kwake usiku. Makala haya yanashikilia kwamba somo kubwa zaidi ambalo soka ya Uingereza inaweza kumpa Mkenya limo katika safari hiyo ya siku moja, wala halimo katika mabao yanayorudiwarudiwa kwenye skrini.

Yafaa kwanza kueleza timu hizo ni zipi. Ligi ya kandanda ya Uingereza ilianzishwa mwaka wa 1888. Leo hii, klabu 20 za Ligi Kuu pamoja na 72 za madaraja matatu yanayoifuata hufanya jumla ya klabu 92. Klabu nyingine zote huitwa klabu za nje ya ligi, ingawa nazo zina ligi zake zilizopangwa daraja chini ya daraja hadi kufikia timu za vijijini. Wachezaji wake wengi hulipwa kidogo au hawalipwi kabisa. Jumatatu mmoja hurudi darasani kufundisha, mwingine akaenda kuendesha lori.

Kinachoziunganisha klabu hizi na vigogo ni Kombe la FA. Shindano hilo liliasisiwa katika msimu wa 1871/72, kabla ya ligi yoyote kuwapo, na klabu 15 zikajiandikisha. Siku hizi hujiandikisha zaidi ya klabu 700. Duru za mchujo huanza mwezi wa Agosti kwenye viwanja ambavyo aghalabu havina jukwaa zaidi ya moja, ilhali klabu za Ligi Kuu hujiunga katika duru ya tatu mwezi wa Januari. Kwa hivyo, kabla ya kamera kubwa kuwasili, kombe huwa limekwisha kuchezwa kwa miezi mitano. Aidha, klabu za nje ya ligi zina vikombe vyake zenyewe: FA Trophy, iliyoanza msimu wa 1969/70, na FA Vase, iliyoanza msimu wa 1974/75 kwa ajili ya madaraja ya chini zaidi. Fainali za vikombe hivyo huchezewa Wembley.

Siku ya mechi kama hizo ina utaratibu wake. Mgeni hulipa langoni, mara nyingi kwa mzee anayejitolea ambaye amekuwa akiketi kwenye kibanda hicho kwa miaka mingi. Hununua kijitabu cha mechi, kisha chai kwenye kikombe cha karatasi. Hakuna anayemwonyesha kiti, kwani viti ni vichache. Husimama akiegemea ukingo wa chuma uliozunguka uwanja, hatua moja kutoka kwa winga. Humsikia kipa akiwakemea mabeki wake. Humsikia refa akijitetea. Katika viwanja vingi vya aina hii mashabiki wa timu mbili hawatengwi kwa ua, na wakati wa mapumziko huhama upande mmoja hadi mwingine ili kusimama nyuma ya lango litakaloshambuliwa na timu yao. Wanapopishana njiani hutaniana. Shabiki hapo ni mtu mwenye uso, si nambari. Watazamaji wakiwa mia mbili, mmoja akikosa, pengo lake huonekana.

Historia ya mji wa Hereford inaonyesha vyema jambo linalopiganiwa. Mji huo, ulio karibu na mpaka wa Wales, husifika kwa ng'ombe wake wekundu wenye nyuso nyeupe. Tarehe 5 Februari 1972, klabu ya Hereford United, iliyokuwa nje ya ligi, iliikaribisha Newcastle United ya daraja la kwanza katika mechi ya marudiano ya duru ya tatu ya Kombe la FA. Timu hizo zilikuwa zimetoka sare ya 2-2 mjini Newcastle, na marudiano yakawa yameahirishwa mara kadhaa kwa sababu ya mvua. Malcolm Macdonald aliwafungia wageni dakika zikiwa zimeyoyoma. Ndipo Ronnie Radford, seremala kwa kazi, alipoachilia kombora kutoka mbali kwenye uwanja uliogeuka matope, mpira ukatikisa wavu na watoto wakafurika uwanjani. Katika muda wa ziada, Ricky George, aliyeingia kama mchezaji wa akiba, alifunga bao la pili. Hereford 2, Newcastle 1. Bao la Radford lingali likionyeshwa kila msimu wa kombe unapowadia.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa. Yasiyokumbukwa sana ndiyo yenye uzito. Mnamo Desemba 2014, Hereford United ilivunjwa kwa amri ya mahakama kwa sababu ya madeni. Klabu iliyomwangusha kigogo haikuwapo tena. Wenyeji hawakuhamishia mapenzi yao kwa klabu kubwa za Birmingham wala za London, ingawa hilo lingekuwa rahisi na lisingewagharimu chochote zaidi ya ada ya televisheni. Waliunda klabu mpya, Hereford FC, wakakubali kuanzia katika daraja la tisa, na katika msimu wao wa kwanza wakafika fainali ya FA Vase. Tarehe 22 Mei 2016, maelfu yao walisafiri hadi Wembley. Fainali za Vase na Trophy zilichezwa siku hiyo moja kwa mara ya kwanza, na watazamaji wa fainali hizo mbili kwa pamoja walizidi 46,000. Hereford walitangulia kufunga, lakini wakashindwa 4-1 na Morpeth Town, timu ya mji mdogo ulio kaskazini mwa Newcastle. Matokeo hayo yalikuwa machungu. Hata hivyo, mtu aliyerudi Hereford usiku ule alijua kwamba klabu iliyokuwa imezikwa miezi kumi na saba kabla ya hapo ilikuwa hai, na kwamba uhai huo ulitokana na miguu yake na ya jirani zake.

Mfano wa pili ni wa safari isiyowezekana. Tarehe 10 Januari 2021, klabu ya Marine, ya daraja la nane, ilikutana na Tottenham Hotspur ya kocha José Mourinho katika duru ya tatu ya Kombe la FA. Uwanja wa Marine umo Crosby, kaskazini mwa Liverpool, na upande mmoja umepakana na nyua za nyumba za watu. Kufika hapo, Marine ilikuwa imeing'oa Colchester United kwa mikwaju ya penalti na kuilaza Havant and Waterlooville kwa bao la mwishoni mwa muda wa ziada. Ilikuwa siku ambayo klabu ndogo huisubiri kwa miaka mia, nayo ilifika wakati wa janga la korona, ambapo mashabiki walipigwa marufuku viwanjani. Wenye nyumba walitazama juu ya nyua zao. Wengine wote walifungiwa nje.

Marine iliuza tiketi zisizo na kiti. Bei yake ilikuwa pauni 10, na mnunuzi hakuihitaji tiketi ili kuitazama mechi, kwani mechi yenyewe ilionyeshwa bila malipo na BBC. Ziliuzwa zaidi ya tiketi 30,000. Tottenham ilishinda 5-0 na hapana aliyeshangaa. La kushangaza ni kwamba watu wengi kiasi hicho, wakiwa wamekatazwa kuwapo, walilipia kuwapo. Walielewa kuwa klabu haiishi kwa kutazamwa tu. Huishi kwa mtu kutoa kitu chake, iwe ni siku yake, nauli yake au pauni zake kumi.

Huenda msomaji akasema kuwa Waingereza wana bahati ya mapenzi ya asili kwa timu zao. Mapenzi yapo, lakini hayakuachwa yajilinde yenyewe. Tangu miaka ya 1960, nchini Uingereza kuna kanuni ambayo mashabiki wengi wa Kenya hawana habari nayo: kwa kawaida, Jumamosi kati ya saa nane na dakika arobaini na tano na saa kumi na moja na robo alasiri, kwa saa za huko, mechi ya kandanda hairuhusiwi kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Sababu yake ni kwamba mtu akiweza kuitazama klabu kubwa akiwa sebuleni, hatakwenda kulipa kiingilio katika uwanja wa mtaani. Kwa maneno mengine, Waingereza wenyewe waliiogopa Ligi Kuu yao kwenye televisheni, wakawajengea wanyonge boma.

Boma hilo huishia kwenye mipaka ya nchi yao. Mechi zile zile zinazofichwa watu wa Crosby na Hereford huonyeshwa moja kwa moja Nairobi, Kisumu na Mombasa. Hebu ratiba itazamwe. Mechi ya mapema ya Jumamosi huanza saa sita na nusu mchana kwa saa za Uingereza, yaani saa nane na nusu au saa tisa na nusu hapa Kenya kutegemea majira. Huo ndio wakati ambapo timu nyingi za Kenya zinaingia uwanjani. Mechi za saa tisa za huko huanza hapa saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, na anayetaka nafasi ukumbini hufika mapema. Jumamosi nzima ya Mkenya imekwisha kuchukuliwa. Bidhaa ambayo mwenye kuitengeneza haruhusu imwagwe uani kwake inamwagwa uani kwetu, nasi twaishangilia.

Si kwamba kila jambo la Uingereza ni la kuigwa. Kuanzia msimu wa 2024/25, mechi za marudiano zilifutwa katika Kombe la FA tangu duru ya kwanza hadi fainali, kwa hoja kwamba ratiba za klabu kubwa zimejaa. Uamuzi huo uliwadhulumu wadogo. Mnamo Januari 2005, Exeter City, iliyokuwa nje ya ligi na ikimilikiwa na mashabiki wake, ilitoka sare tasa na Manchester United ugenini Old Trafford. Mapato ya mechi hiyo na ya marudiano yaliisaidia kulipa madeni yaliyokuwa yakiikaba koo. Lile bao la Radford la mwaka wa 1972 nalo lilipatikana katika marudiano. Chini ya kanuni za leo, lisingefungwa kamwe. Hata huko, basi, mnyonge hupokonywa asipokuwa na watu wa kumsemea.

Mashabiki wa Kenya nao wana malalamiko ambayo hayafai kupuuzwa. Viwanja vingi ni vibovu. Mechi huahirishwa siku yenyewe, na aliyelipa nauli harudishiwi. Zipo ghasia, na msichana aendaye uwanjani peke yake hana hakika ya kurudi bila kughasiwa. Uongozi wa soka umezongwa na mizozo kiasi kwamba FIFA iliisimamisha Kenya kutoka Februari hadi Novemba 2022. Kumwambia shabiki aende uwanjani bila kuyataja haya ni kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini je, ni nani atakayeyarekebisha? Uwanja mtupu hauna wa kulalamika. Msimamizi anayejua kuwa hapana mtazamaji hana sababu ya kuanza mechi kwa wakati, kufyeka nyasi wala kumlinda binti wa mtu. Kutokwenda kwa sababu mambo ni mabaya, na mambo kuwa mabaya kwa sababu hapana aendaye, ni mviringo ambao lazima ukatwe mahali fulani.

Wala haiwezi kudaiwa kuwa Wakenya hawapendi kutoka nyumbani. Mnamo Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, maelfu walimiminika Kasarani kuishangilia Harambee Stars ilipozilaza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Morocco na Zambia, kabla ya kubanduliwa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Hamu ipo. Inayokosekana ni desturi ya siku za kawaida. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 29 Juni 2025, fainali ya kombe la taifa ilichezwa Nairobi. Nairobi United, klabu iliyotoka daraja la pili, iliichapa Gor Mahia 2-1 na kutwaa kombe. Hata Hereford hawakutwaa kombe lile la mwaka wa 1972. Iwapo msomaji wa makala haya aliijua hadithi ya Radford kabla ya kuijua ya Nairobi United, basi hoja imekwisha kuthibitishwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuyatia haya maanani. Lugha ya kandanda tuliyo nayo haikushuka kutoka kwenye kamusi. Mlinda lango, kiungo, mkwaju, kipenga, kuotea, kumenya, kumimina krosi, kubanduliwa na kutoka sare ni maneno yaliyopata maisha mapya katika vinywa vya watu waliokuwapo uwanjani na vya watangazaji waliowasimulia wasiokuwapo. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliwafanya wasikilizaji wa redio wauone mpira kwa masikio kwa sababu yeye mwenyewe aliuona kwa macho, akiwa pale pale ulipokuwa ukidunda. Shabiki wa ukumbini, kinyume chake, hupokea mchezo pamoja na maneno yake yakiwa yamekwisha kupikwa kwa Kiingereza, na akitoka nje huusimulia kwa maneno hayo hayo. Wakati huo, kwenye kingo za viwanja vya mitaa, wachezaji, makocha na watoto hubuni misemo ya Kiswahili na ya Sheng kila juma, na misemo hiyo hupotea bila mtu wa kuiandika. Vyama vya wanafunzi hufanya safari za kitaaluma kwenda Lamu na Mombasa kuusaka ushairi, na vyema vifanye hivyo. Safari ya kwenda kwenye mechi ya kombe, na daftari mkononi, haihitaji basi la kukodi.

Inahitaji Jumamosi moja. Camp Toyoyo jijini Nairobi, Bukhungu mjini Kakamega na Mbaraki mjini Mombasa ni viwanja vinavyofikika kwa matatu. Chuo chochote nchini hakikosi uwanja wa soka wa kufikika asubuhi na kurejewa jioni. Wanafunzi kumi wakifuatana, wakalipa kiingilio, wakanunua njugu, wakashangilia timu wasiyoijua, watakuwa wamezidisha watazamaji wa siku hiyo kwa kiwango ambacho wachezaji watakigundua kabla ya mapumziko. Huko Crosby tiketi zilinunuliwa ingawa viti havikuwapo. Hapa kwetu viti vipo, vimekauka kwa jua, na mchuuzi wa njugu angali akisubiri.